Samaki wa Birika

Swali la kumi na nne nimelisoma
mara sitini na tatu tangu Jumatatu:
"Kwa kipimo cha moja hadi tano,
unauamini kiasi gani ujumbe wa redio
kwamba maji ya nyumbani yatiwe dawa?"
Langoni nimelisoma, Gadeni, Bombururu,
hata ulimi umelizoea kama bawaba izoeavyo mlango wake.

Na mara sitini na tatu Amu imenijibu: tano.
Tano pamoja na kahawa.
Tano kutoka kwa seremala mwenye misumari mdomoni,
aliyeinua vidole vyote vya mkono asiteme hata mmoja.
Tano kutoka kwa mtoto aliyetumwa mlangoni
aseme mama hayupo, na mama amesema tano.

Nairobi wamefurahi.
Wastani wetu, wameandika, haujapata kuonekana pwani nzima.

Ya sitini na nne ni nyumba ya Bi Somoe Shali,
nyuma ya msikiti, mlango usiofunguka ila kwa bega.
"Ndoo, mwanangu. Keti. Yua hili lauma."
Nakipakata kishikwambi, nakohoa, naanza.
Hangoji nifike kwenye alama ya kuuliza.
"Tano. Andika tano.
Mtu hayi na yua kama hili akarudi mikono mitupu."

Kitufe kikageuka kijani.
Halua ilininata vidoleni; nikaomba pa kunawa.

Chooni, katika baridi ya chokaa,
birika limejaa hadi ukingoni.
Nikachovya kata.
Na kule chini, penye bakuli la kaure
alilolijengea sakafuni bibi wa bibi yake,
samaki watatu, wembamba kama mbegu za tango,
wakageuka kwa pamoja kunitazama.

Dawa ingeingia humu asubuhi,
adhuhuri wangeelea matumbo juu.
Walikuwa wazima. Wanono kwa viluwiluwi vya mbu.
Wao hawakufunzwa adabu ya kumpokea mgeni.

Nikarudi mikono ikichuruzika.
"Umewaona," akasema Bi Somoe,
wala hakuinua macho kwenye ukili aliokuwa akisuka.
"Wana umri gani?"
"Hao ni wajukuu wa wajukuu."

Kisha, miyaa ikilia kati ya vidole vyake:
"Walikuya wa kwanza, wakasema kisima tukizibe.
Wakaya wa pili, wakasema tukizibue.
Wa tatu wakatupiga picha, wakatwambia tucheke.
Hapana aliyerudi kuuliza yalikwendaye.
Redio haina ubaya, mwanangu.
Lakini sufuria langu la biriani
simwazimi mtu kwa uzuri wa sauti."

"Basi kwa nini tano?"

"Kwani wewe, kwa mbili, wangekulipa?"

Chini kabisa ya fomu pana nafasi ya Maelezo Mengine,
herufi arobaini, si zaidi.
Nikaandika: Samaki wako hai.
Nikafuta.
Nikaandika tena, nikatuma
kabla kidole hakijapata akili.

Akanisindikiza hadi dakani.
"Na kwenu? Birika la mamako latiwa dawa?"
Nilifunga mikanda ya viatu polepole mno,
kama mtu anayetafuta kisanduku cha kutia alama.
"Tano, Bi," nikasema.
Alicheka mpaka akashika ukuta.

Usiku Nairobi wakajibu:
Ingizo la 64 halieleweki. Tafadhali rekebisha.
Mama alikuwa amelala, redio ikimsomea dua peke yake.
Nikashuka na tochi ya simu,
nikainama juu ya birika letu, nikahesabu.

Wanne.
Mmoja tumbo limemjaa.